Saa Tisa Alasiri

Tovuti yangu ya kwanza ilikufa nikiwa msibani Muheza. Ilikuwa Machi 2014. Simu nilikuwa nimeizima kwa ajili ya wafiwa, na nilipoiwasha siku ya tatu ndani ya basi la kurudi Tanga, ikaanza kutetemeka kama iliyopandwa na pepo. Ujumbe baada ya ujumbe, na wote ukiuliza jambo lilelile: wewe bwana, tangu lini umeanza kuuza dawa za nguvu za kiume?

Nikafungua ukurasa palepale kwenye kiti. Mahali palipokuwa na makala yangu ya matlai na umande palikuwa na picha ya vidonge vya rangi ya samawati, na chini yake tangazo la kamari kwa lugha nisiyoijua. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyepakata furushi la machungwa, alichungulia kidogo, akageuza uso dirishani. Sikuwa na la kumweleza.

Tovuti yenyewe niliianza 2009, mwaka ule mkongo wa SEACOM ulipofika pwani yetu, nikiwa bado mhudumu wa mgahawa wa intaneti Ngamiani. Kazi yake ilikuwa moja: kila juma, neno moja la bahari. Nilikuwa nikiyaokota kwa wazee wa Tongoni, Pangani na Mkwaja. Pepo, samaki, viungo vya ngalawa na jahazi. Mrengu, foromali, ngama. Maneno ambayo hata sisi tuliozaliwa tukisikia mawimbi tumeanza kuyasahau, maana boti ya faiba yenye mashine haiyahitaji. Mpaka siku ile ya basi nilikuwa nimefikisha makala 140.

Kampuni niliyokodi nafasi kwake iliona uchafu ule, ikaifuta akaunti, na siwezi kuilaumu. Kosa lilikuwa langu. Tovuti ilikuwa na programu-jalizi ya kupambia picha ambayo sikuwa nimeisasisha mwaka na nusu, wadukuzi wakapitia hapo. Nakala rudufu nilikuwa nayo, naam. Niliihifadhi kwenye seva ileile, katika folda ya jirani, kama mtu anayefungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba. Makala na nakala vikaenda pamoja.

Majuma mawili baadaye ikaja barua pepe kutoka Maskati. Aliyeiandika alijitambulisha kuwa mzaliwa wa Pemba aliyehamia Oman tangu ujanani, na kwamba alikuwa akinisoma tangu 2011. Miaka yote hiyo hakuwahi kunitumia hata salamu. “Nimeona nyumba yako imeungua,” aliandika. “Hivi hapa vyombo vichache nilivyokuwa nimeviazima.” Aliambatisha mafaili mawili. Ndani yake mlikuwa na makala zangu 61, neno kwa neno, pamoja na makosa yangu ya tahajia.

Ilinichukua muda kuelewa alizipataje. Programu niliyokuwa nikiitumia, bila ya mimi kuijali, ilikuwa inatengeneza pembeni faili dogo liitwalo mlisho. Mlisho ni ukurasa ulioandikwa ili usomwe na mashine: orodha ya makala za karibuni, kila moja na kichwa chake, tarehe yake, kiungo chake na, ukitaka, maandishi yake yote. Msomaji huuandikisha mara moja katika programu yake ya kusomea, na programu hiyo hupita kila baada ya saa kadhaa kubisha hodi na kuuliza kama kuna jipya. Hakuna anayeombwa jina wala barua pepe. Mwandishi hamjui msomaji, na msomaji hadaiwi kitu. Yule bwana alikuwa akitumia Google Reader, na Google walipoamua kuifunga, wakaifunga kweli tarehe 1 Julai 2013, waliwaruhusu watu kwanza wakusanye vitu vyao. Akachukua makala zote alizokuwa ameziwekea nyota. Hilo ndilo faili la kwanza. Kisha akahamia programu inayohifadhi kila kitu ndani ya kompyuta yake mwenyewe, na hilo ndilo la pili.

Ningependa kusema kwamba niliweka maandishi kamili kwenye mlisho kwa sababu ya ukarimu au hekima. Hapana. Rafiki yangu mmoja mjuzi wa mambo ya matangazo alikuwa amenishauri niweke aya ya kwanza tu, ili watu walazimike kuja mpaka kwenye tovuti wakahesabiwe. Nilikusudia kumsikiliza. Uvivu wa kutafuta kitufe cha kubadilishia ndio ulioniponya. Zile nyingine 79 sijaziona tena. Baadhi nimeziandika upya kwa kumbukumbu, na nyingine siwezi, kwa kuwa wazee walionipa maneno yake wameshatangulia.

Kilichonipata nilikuja kuelezwa na fundi mmoja wa kompyuta wa Chumbageni, na alinieleza tukiwa tumesimama kwenye kibanda cha chipsi usiku. “Tovuti yako ilikuwa chipsi mayai,” alisema, akimwonyesha kwa kidevu kijana aliyekuwa karaini. Kila mteja anayefika, kazi inaanza upya: viazi, mayai mawili, koroga, geuza, sahani. Wakija kumi kwa pamoja unasikia kelele. Kila mtu alipofungua ukurasa wangu, seva ilikuwa inaamsha PHP, PHP inakimbilia kanzidata kuomba makala, inarudi kuomba orodha ya pembeni, inarudi tena kuomba hesabu ya wasomaji, kisha inabandika vyote pamoja, inampa mtu ukurasa wake na kuusahau. Akija wa pili, moto unawashwa tena. Na makala yenyewe haikuwa imebadilika tangu Jumanne. Zaidi ya hapo, jiko linalowaka usiku na mchana katika duka lisilo na mtu ni mlango wa mwizi.

“Kaanga maandazi,” akaniambia. Unaamka alfajiri, unachoma yote, unayapanga kwenye sanduku la kioo, unazima moto na kuondoka. Mteja akija anachukua. Mwizi akija anakuta sanduku.

Nimesikia watu wakifafanua tovuti tuli kwa maneno mengi ya kitaalamu, na sijapata ufafanuzi unaoushinda huo wa kibandani. Wala jambo lenyewe si geni. Programu ya Movable Type ya Ben na Mena Trott, iliyotoka 2001, ilikuwa tayari inazikaanga kurasa mapema. Kilichokuja baadaye ni urahisi. Mwaka 2004 John Gruber alitoa Markdown, njia ya kuandika vichwa, orodha na viungo kwa alama chache ambazo hata bila kompyuta mtu anazielewa. Mwaka 2008 Tom Preston-Werner akatoa Jekyll, inayochukua folda ya makala za namna hiyo na kwa amri moja ikazigeuza tovuti nzima. Unazipandisha kurasa kwenye seva, basi. Seva haina la kufikiri, kazi yake ni kukabidhi.

Kwangu mimi haikuwa amri moja. Jekyll imeandikwa kwa lugha ya Ruby, na niliposema nataka kuiweka, ilikuja kama mgeni wa harusi: yeye, na wenzake, na wenzake wa wenzake, kila mmoja anapakuliwa kwa zamu kwenye modemu ya kuchomeka. Bando la gigabaiti moja likakata kabla sijaandika hata neno. Fundi wa Chumbageni alinicheka, akanipa Hugo kwenye flashi. Hugo, ya mwaka 2013, ni faili moja tu, halina ndugu. Makala zangu 61 ilizimaliza kwa chini ya sekunde moja, na kwa kuwa nilizoea kusubiri, nikadhani imeshindwa. Niliirudia mara tatu.

Hapa sina budi kumleta mjomba wangu. Ni ndugu wa mama, mwalimu mstaafu, anaishi Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na tangu mwanzo ndiye mhariri wangu bila mshahara. Yeye ndiye aliyenifundisha nusu ya maneno niliyoandika, na nusu nyingine alinisahihisha. Kwa miaka alikuwa ananisoma kwenye simu ya Tecno yenye kioo kilichopasuka, kwa bando la shilingi 500, akiwa amesogea karibu na kivuko ambako mtandao unashika. Siku nilipomwonyesha tovuti mpya nikitarajia sifa, aliuliza swali moja: “Hii nayo inakula bando?”

Nikamwuliza kwani ile ya zamani ilikuwa inakula.

“Mjomba,” akasema, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, “kukusoma wewe ilikuwa sawa na kununua kibaba cha mchele ukalipia gunia.”

Nilirudi nyumbani nikapima. Ukurasa wa mbele wa tovuti ile ya kale nilikuwa na nakala yake kwa bahati. Maandishi yalikuwa kilobaiti 5. Ukurasa mzima ulikuwa megabaiti 2.4. Picha ya jahazi niliyoipiga mimi, ambayo niliipachika nzimanzima kama ilivyotoka kwenye kamera. Herufi za mapambo za aina nne. Vitufe vya mitandao ya kijamii ambavyo havikuwahi kubonyezwa. Kihesabu wasomaji kilichokuwa kinapiga simu kwa kampuni fulani ng'ambo kila mjomba anapofungua, kuiarifu kwamba kuna mtu Bweni anasoma habari za kolekole. Vingine sikujua hata viliingia vipi. Vilikuja na mandhari niliyoipenda kwa rangi yake. Na gharama ya vyote hivyo alikuwa akiilipa mwalimu mstaafu, mia tano kwa mia tano, asiniambie kwa kuwa aliona ni utovu wa adabu kulalamikia kazi ya mtoto.

Mikongo ya baharini ilipokuja tuliambiwa shida ya kasi imekwisha. Sikumbuki mtu aliyesema kwamba barabara ikipanuliwa malori nayo yatanenepa. Leo ukurasa wa wastani kwenye wavuti umepita megabaiti 2, kwa hiyo ule wangu uliomtesa mjomba haukuwa wa ajabu hata kidogo, ulikuwa kama wa watu wengine. Niliupunguza mpaka kilobaiti 6, pamoja na kichwa na viungo. Hakusema kitu. Lakini akaanza kupiga simu kila juma kunisahihisha badala ya kila mwezi.

Programu hizi za kuzalisha tovuti zina ugonjwa wake. Zimeandikwa na watu wasioacha kuzigusa. Toleo jipya likitoka, mandhari ya zamani inagoma, na unajikuta usiku wa manane unahangaikia msimbo badala ya kuandika habari za foromali. Mwaka 2020 nikachoka, nikaandika ya kwangu: mistari 90 hivi ya amri za kawaida za Linux. Nilijiona bingwa kwa siku mbili. Ya tatu nilipandisha makala iitwayo “Ng'onda”.

Kila makala ilikuwa na mistari michache juu yake yenye kichwa na tarehe, na kichwa kilizungukwa na alama moja ya kunukuu kila upande. Mashine ilipofika kwenye ng ikakuta alama ileile, ikaamua kwamba kichwa cha habari kimeishia hapo. Mabaki, yaani onda, haikujua yanatoka wapi, ikasimama. Alama ndogo inayotenganisha ng'ombe na ngombe, ambayo mwalimu wa darasa la pili alituchapia, kwa mashine ni uzio wa kufungia maneno. Rekebisho ni jepesi, unatumia alama mbili badala ya moja. Lakini nilipitia makala zote kutafuta ng'ambo, ng'oa, ming'oko, na nikiri nilipata raha fulani kuona ni wapi hasa Kiswahili kinakwama kooni mwa mashine.

Tarehe ilinitesa zaidi. Mlisho wangu ulikuwa wa aina ya RSS, ukoo wenye ugomvi mrefu wa urithi: ulizaliwa katika kampuni ya Netscape mwaka 1999, ukagawanyika, kundi moja likatoa toleo la 1.0 mwaka 2000, na Dave Winer akatoa 2.0 mwaka 2002, ambalo licha ya jina lake si mtoto wa lile la kwanza. Podikasti nyingi unazosikiliza leo husafiri juu ya hilo la 2.0. Na hilo la 2.0 linataka tarehe iandikwe kwa kanuni iliyotungwa 1982 kwa ajili ya barua pepe, ambapo siku na mwezi hufupishwa kwa Kiingereza. Kompyuta yangu nilikuwa nimeiwekea Kiswahili, kwa majivuno. Script yangu iliiuliza tarehe, nayo ikajibu kwa Kiswahili safi, siku na mwezi, Mei na si May. Programu za kusomea hazikuelewa. Nyingine zilikataa makala. Ya mjomba ilizikubali, ila kwa kuwa haikujua ni za lini, ilizipa zote tarehe ya sifuri ya kompyuta.

“Shikamoo mjomba,” nilipokea simu.

“Marahaba. Hii makala ya pweza inasema umeiandika tarehe 1 Januari 1970, saa tisa usiku. Mimi mwaka huo nilikuwa darasa la tatu. Wewe ulikuwa wapi?”

Saa tisa usiku, kwa sababu sekunde ya kwanza ya kompyuta za Unix ni usiku wa manane wa Greenwich, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Nikahamia Atom, mlisho uliosanifiwa upya mwaka 2005 na watu waliochoshwa na ule ugomvi. Atom inaandika tarehe kwa tarakimu tupu, mwaka, mwezi, siku, saa, haina Jumapili ya Kiingereza wala ya Kiswahili. Nilijilaumu kwa kutojua mapema, kisha nikaharibu jambo lingine palepale. Nilipohama, nilipanga upya na anwani za makala zote, zikae vizuri. Mlisho wangu ulikuwa unaitambulisha kila makala kwa anwani yake. Anwani ikibadilika, kwa mashine hiyo ni makala nyingine, mpya kabisa. Usiku ule kompyuta ya yule bwana wa Maskati ilipokea makala 200 na zaidi kwa mkupuo mmoja.

Ujumbe wake, wa pili tu katika miaka tisa, ulikuwa mfupi: “Leo umeandika kama mtu anayeaga. Uko salama?”

Atom ina sehemu maalumu ya kitambulisho, ambayo hutakiwi kuibadilisha hata makala ihamishwe mara kumi. Nilikuwa nimeijaza anwani kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Sasa kila makala ina jina lake inalopewa siku ya kuzaliwa, na anwani ni pale inapolala tu.

Mambo haya ya tarehe na majina ndiyo yaliyonipeleka Gemini. Siku hizi jina hilo linatumika kwa mengine. Ninayoisema mimi ni itifaki, njia ya kompyuta kuzungumza, iliyoanzishwa 2019 na mtu ajiitaye Solderpunk. Alikuwa mtu wa Gopher. Na Gopher ni hadithi ya kusikitisha kidogo: ilitoka Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, ikipanga intaneti nzima kwa menyu za maandishi, na kwa muda ilikuwa inaizidi wavuti. Mwaka 1993 chuo kikatangaza kwamba programu ya seva yake itatozwa ada kwa baadhi ya watumiaji. Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo CERN, maabara ilikozaliwa wavuti, wakaitoa bure kwa watu wote. Waliokuwa wanasitasita wakajua pa kwenda. Gopher haikufa, wako watu hadi leo wanaoitumia, kama wale wazee wa Mkwaja wasiokubali mashine kwenye dau.

Solderpunk alitaka kitu cha katikati. Jina amelichukua kwa Wamarekani, ambao kati ya safari za Mercury na zile za Apollo za kwenda mwezini walikuwa na mradi wa Gemini, na lango la itifaki hiyo ni namba 1965, mwaka ambao chombo cha kwanza cha Gemini chenye watu kiliruka. Msomaji anatuma mstari mmoja, anwani isiyozidi baiti 1,024. Seva inarudisha ukurasa. Ndani ya ukurasa kila mstari ni kitu kimoja: aya, kichwa, kiungo, nukuu, kipengele cha orodha, au maandishi ya kuachwa kama yalivyo. Hakuna msimbo wa kukimbia kwenye simu ya mtu, hakuna vidakuzi, hakuna picha katikati ya maneno. Rangi na ukubwa wa herufi anachagua msomaji.

Na mlisho? Hapo ndipo niliposimama, nikacheka peke yangu. Mlisho ni ukurasa uleule. Ukiandika orodha ya viungo, na kila kiungo kikaanza na tarehe, namna hii,

=> bamvua.gmi 2024-05-11 Bamvua na maji mafu

basi programu ya kusomea inajua kwamba hiyo ni makala ya tarehe hiyo. Hakuna faili la pembeni, hakuna alama za kufungua na kufunga. Nilichokuwa nimekihangaikia miaka sita kinaweza kuandikwa kwa mkono na mtoto. Na kwa kuwa mstari una siku lakini hauna saa, kanuni inasema saa ihesabiwe kuwa adhuhuri ya Greenwich. Kwetu hiyo ni saa tisa alasiri.

Sitaki kuipamba Gemini kupita kiasi. Wanaonisoma huko kwa Kiswahili nawafahamu wote watatu, na mmoja ni fundi wa Chumbageni. Mazungumzo mengi ya huko yanahusu Gemini yenyewe, kama kijiwe ambacho habari kubwa ni kijiwe. Picha ya samaki lazima uifanye kiungo, na makala ya kutofautisha changu na tasi bila picha inachosha hata mwandishi. Tena inadai usimbaji wa siri kwa kila ukurasa, jambo zuri, lakini linaziacha nje zile kompyuta kongwe ambazo Gopher isingezikataa. Ninachokithamini ni kwamba ilinilazimisha kuandika orodha moja. Leo ninaandika makala kwa mistari ya Gemini, ninaongeza kiungo kimoja kwenye orodha, na ile script yangu, ambayo imepungua ikawa mistari 60, inazaa ukurasa wa wavuti na mlisho wa Atom kutoka hapohapo. Mjomba hajawahi kuisikia Gemini. Anachokula ni maandazi yaleyale.

Makala ile ya bamvua niliipandisha usiku wa Jumamosi, tarehe 11 Mei 2024. Jumapili mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ikapata hitilafu baharini kusini, upande wa Afrika Kusini, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizoumia sana. Mnaikumbuka siku hiyo. Picha hazifunguki, ujumbe wa sauti unazunguka, vijana wanazima na kuwasha simu, kila mtu anadhani bando lake ndilo lenye kasoro. Mimi nilishinda uani. Seva yangu iko Ujerumani, na nilijua hakuna kitakachopita.

Magharibi ikaingia simu ya kawaida kutoka Bweni.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Umekosea.”

“Wapi tena?”

“Umeandika bamvua huja na mwezi mpevu. Na mwezi mwandamo je? Juzi hapa mwezi umeandama, maji yamejaa mpaka karibu na mizizi ya mnazi wa mwisho. Hukuona huko Tanga?”

Nilimwacha anikosoe mpaka akamaliza. Kisha nikamwuliza ameisoma vipi, intaneti si haipo? Akasema hajui habari ya intaneti kutokuwepo. Alifungua simu alasiri kama kawaida, makala ikawapo. Programu yake ilikuwa imebisha hodi, ikakosa, ikabisha tena, na katika mlango uliokuwa umebanwa na nchi nzima, kilobaiti chache zikapenya. Nilirekebisha aya ile kabla ya kulala. Iliondoka kwa kusuasua, lakini iliondoka.

Miezi michache iliyopita nilivuka kwenda kumtembelea. Alikuwa barazani na wenzake, akanitambulisha kwao kwa sifa ambazo sikuzitegemea. “Huyu ndiye mpwa wangu. Kijana ana nidhamu. Miaka sasa, kila makala yake inatoka saa tisa kamili ya alasiri. Haiwahi, haichelewi.” Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi huandika usiku, baada ya isha, na nyakati nyingine napandisha asubuhi nikiwa na mswaki mdomoni. Nikafungua kinywa nimweleze habari za Greenwich. Mzee mmoja akaniwahi kwa swali juu ya kusi, na mazungumzo yakaondoka na upepo huo.

Juzi nilimaliza makala ya neno shetri. Nilikuwa nimeshashika kitufe cha kuipandisha, nikatazama saa ukutani. Ilikuwa saa tisa kasorobo. Nikateleka maji ya chai.